Kusoma ECG Hatua kwa Hatua: Mwongozo kwa Tabibu na Muuguzi wa Zamu

Usiku mmoja nikiwa zamu ya dharura aliletwa kijana wa miaka 24, mbeba mizigo sokoni, akilalamika kifua kinabana tangu jioni. ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ikapigwa. Juu ya karatasi mashine iliandika kwa herufi kubwa kwamba ana mshtuko wa moyo. Mwenzangu akaanza kuandaa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Tulipoitandaza karatasi mezani na kuisoma lidi (mchoro wa moyo ukitazamwa kutoka pembe moja) moja baada ya nyingine, tulikuta mchoro wa kawaida wa kijana mwenye afya. Siku nzima alikuwa amebeba magunia, na misuli ya kifua ndiyo iliyokuwa ikimuuma. Dawa ile ingeweza kumsababishia kuvuja damu kwenye ubongo.

Kusoma kipimo cha umeme wa moyo kunafundishika. Wengi wetu tunakiogopa kwa sababu chuoni tulionyeshwa michoro ya magonjwa makubwa kabla jicho halijazoea mchoro wa mtu asiye na ugonjwa. Njia ninayoieleza hapa ndiyo niliyoiona ikifaa wodini: piga kipimo vizuri, kisome kwa mpangilio uleule kila mara, na usitoe jibu kabla ya kumtazama mgonjwa. Viwango nilivyoandika ni vya watu wazima. Watoto wana viwango vyao. Moyo wa mtoto mchanga ukipiga mara 140 kwa dakika hauna tatizo.

Hatua ya 1: Piga ECG unayoweza kuiamini

Makosa mengi huanzia kitandani, waya zinapofungwa kwa haraka. Kwanza zungumza na mgonjwa. Wengi wakiona waya zote zile hudhani watapigwa shoti, na mtu mwenye hofu hukaza misuli, na misuli iliyokazwa huchafua mchoro. Mwambie kipimo hakiumi na mashine inasikiliza tu umeme wa moyo wake. Kwa mwanamke vuta pazia, mfunike kwa khanga, na akiomba kuhudumiwa na muuguzi wa kike mtafutie. Mlaze chali, mikono ubavuni, apumue kawaida. Futa jasho na mafuta ya ngozi kwa pamba. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa hili halirukwi. Penye nywele nyingi kifuani nyoa kidogo.

Waya za mikono na miguu zina rangi. Kwenye mashine nyingi tunazotumia, nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Wengi hukumbuka kwa taa za barabarani: nyekundu, njano, kijani, kuanzia mkono wa kulia na kuzunguka. Ila kuna mtego hapa. Mashine zilizotengenezwa kwa mfumo wa Kimarekani, na baadhi ya mashine za msaada ni hizo, zina rangi nyingine: nyeupe mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, nyekundu mguu wa kushoto, kijani mguu wa kulia. Aliyezoea taa za barabarani akikutana na mashine hiyo atazivuruga waya zote. Soma herufi zilizoandikwa kwenye waya, usitegemee rangi.

Kifuani ndipo panapotaka mkono mtulivu. Weka kidole kwenye kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari, kisha kishushe polepole juu ya mfupa. Baada ya sentimita chache utagusa kituta kinachokatiza mfupa. Kutoka kwenye kituta hicho telezesha kidole upande wa kulia wa mgonjwa; utakutana na ubavu wa pili. Nafasi iliyo chini yake ni ya pili. Hesabu ukishuka: ya tatu, ya nne. Pembeni kabisa mwa kidari katika nafasi ya nne, kulia, ni mahali pa V1, elektrodi ya kwanza kati ya sita za kifua. Upande wa pili wa kidari, usawa huohuo, ni V2. Kisha ruka uende V4: nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mfupa wa mtulinga. V3 hukaa katikati ya V2 na V4. V5 na V6 zipo usawa mmoja na V4, V5 mbele ya kwapa na V6 katikati ya kwapa. Kwa mwanamke V4 huwekwa chini ya titi. Mwombe aliinue mwenyewe, au uliinue kwa mgongo wa kiganja.

Nimeshuhudia V1 na V2 zikiwekwa karibu na mtulinga mara nyingi kuliko nilivyotamani. Zikikaa juu namna hiyo, wimbi R (ncha ndefu inayopanda) huwa dogo, T (wimbi linaloifuata) hugeuka chini, na mgonjwa anaweza kuandikiwa mshtuko wa moyo wa zamani ambao hajawahi kuupata. Hesabu mbavu kila mara, hata kwa mgonjwa wa thelathini siku hiyo.

Jeli ipake kidogo na kila mahali peke yake. Ukiipaka mstari mmoja kuanzia V1 hadi V6, umeme hupita kwenye jeli na lidi zote za kifua hufanana. Ikiisha, jeli ya ultrasaundi inafaa.

Mstari ukiwa mnene na wenye meno madogo yanayolingana, huo ni umeme wa ukutani. Chomoa chaja ya simu iliyo karibu na kitanda, sogeza waya mbali na nyaya za umeme, au tumia betri ya mashine. Mstari ukipanda na kushuka kama bahari, mgonjwa anahema kwa nguvu au elektrodi imelegea. Ukitetemeka bila mpangilio, mgonjwa ana baridi, homa au hofu. Mfunike blanketi, subiri, urudie.

Kabla karatasi haijatoka mkononi andika jina, umri, tarehe, saa, na kama mgonjwa ana maumivu wakati huo. Saa na maumivu ndivyo vitakavyokuokoa baadaye unapolinganisha karatasi mbili. Na kwa kuwa karatasi nyingi za ECG hufifia zikikaa kwenye joto au jua, toa nakala na uiweke kwenye faili. Usiibandike kwa selotepu juu ya mchoro, maandishi hufutika.

Hatua ya 2: Hakiki karatasi kabla ya kuisoma

Tafuta maandishi madogo ya kasi na kipimo: 25 mm kwa sekunde, na 10 mm kwa milivolti 1. Mwanzoni au mwishoni mwa mstari kuna kisanduku cha kupimia chenye urefu wa miraba midogo 10. Kikiwa na urefu wa 5, mashine imepunguza mchoro nusu, na kila wimbi utaliona dogo kuliko lilivyo. Kwa kasi hiyo mraba mdogo mmoja ni sekunde 0.04, mraba mkubwa ni sekunde 0.20, na miraba mikubwa mitano ni sekunde moja.

Kisha angalia lidi mbili. Katika lidi I, P (wimbi dogo la vyumba vya juu) na QRS (mchongoko wa vyumba vya chini, ambao R ni ncha yake) kwa kawaida huelekea juu. Katika aVR kila kitu huelekea chini. Ukikuta I imepinduka na aVR imesimama juu, dhania kwamba waya za mikono zimebadilishana, nenda kitandani uzikague, piga tena. Zikiwa sahihi na mchoro ni uleule, tazama lidi za kifua: kama QRS zinazidi kuwa ndogo kuelekea V6, huenda moyo wa mgonjwa uko upande wa kulia. Lidi II ikiwa karibu mstari mnyoofu ilhali nyingine ni nzuri, waya ya mkono wa kulia imebadilishana na ya mguu wa kulia.

Majina ya mawimbi haya, P hadi T, tuliachiwa na Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hii. Alituachia pia kanuni ya kuhakiki: urefu wa QRS katika lidi I ukijumlishwa na wa lidi III unapaswa kulingana na wa lidi II.

Hatua ya 3: Mapigo mangapi, na yanakwenda vipi

Mapigo yakiwa na mpangilio, hesabu miraba mikubwa kutoka R moja hadi inayofuata, kisha gawanya 300 kwa idadi hiyo. Miraba 5 ni mapigo 60, miraba 4 ni 75, miraba 3 ni 100, miraba 2 ni 150. Yasipokuwa na mpangilio, hesabu QRS zote kwenye mstari mrefu wa sekunde 10 na uzidishe kwa 6. QRS 14 ni mapigo 84.

Sasa jiulize kama kuna P kabla ya kila QRS, na kama P hiyo iko juu katika lidi II. Ikiwa ndivyo, mapigo yanaanzia mahali pake pa asili. Kama huna uhakika, chukua kipande cha karatasi nyeupe, kiweke chini ya mstari na utie alama kwenye ncha za R tatu mfululizo, kisha kisogeze mbele. Alama zikiangukia R zinazofuata, mdundo una mpangilio. Karatasi hiyohiyo itakuonyesha kama P zinakwenda mwendo wao na QRS mwendo wao.

Hiyo ya mwisho ndiyo njia kuu ya umeme iliyoziba kabisa. Mzee anayezimia, mapigo 35, P zinapita katikati ya QRS na T bila kujali: huyu anahitaji betri ya moyo, na rufaa yake haingoji kesho.

Mdundo usio na mpangilio wowote na usio na P, mstari ukitetemekatetemeka, ni fibrilesheni ya vyumba vya juu, yaani vinatetemeka badala ya kupiga. Tukimkuta nayo mwanamke wa miaka 30 tufikirie valvu ya mitro, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, iliyobana kutokana na homa ya rumatiki, ugonjwa ambao bado tunaukuta kwa vijana wetu. Kabla fibrilesheni haijaanza, ECG yake huwa imeshatoa dalili: P katika lidi II ni pana, miraba midogo 3 au zaidi, yenye nundu mbili, na katika V1 sehemu yake ya mwisho imezama chini. Nikimwona mjamzito anayekosa pumzi mwenye P ya namna hiyo, sisubiri miguu ivimbe. Nasikiliza moyo kwa makini na kuomba ultrasaundi ya moyo.

Mapigo yakiwa 150 kamili, yenye mpangilio na QRS nyembamba, chunguza kama ni flata: vyumba vya juu vinapiga 300 na nusu tu ndiyo inayopita. Tafuta meno ya msumeno katika II, III na aVF. Na mapigo ya kasi yenye QRS pana, hasa kwa mtu mzima aliyewahi kuugua moyo, yachukulie kuwa yanatoka vyumba vya chini mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usimpe verapamili, dawa ya kupunguza kasi ya moyo. Kama presha imeshuka, kinachohitajika ni kumshtua kwa umeme.

Hatua ya 4: Mhimili

Mhimili ni mwelekeo wa jumla wa umeme wa moyo. Hapa usipoteze muda. Tazama lidi I na aVF. QRS zikiwa juu katika zote mbili, mhimili ni wa kawaida. I juu na aVF chini, tazama lidi II: ikiwa juu bado ni kawaida, ikiwa chini mhimili umeegemea kushoto. I chini na aVF juu, umeegemea kulia, na hapo fikiria mapafu, valvu ya mitro, au damu iliyoganda kwenye mapafu.

Hatua ya 5: PR na QRS

PR hupimwa kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS. Kawaida ni miraba midogo 3 hadi 5. Ikizidi 5, njia imechelewa. PR ikirefuka kidogokidogo mpaka QRS moja ikakosekana, kisha mzunguko ukaanza upya, mara nyingi mgonjwa hana hatari ya haraka. QRS ikikosekana ghafla ilhali PR za kabla yake zilikuwa sawasawa, hiyo ni mbaya zaidi na inaweza kugeuka kuziba kabisa. PR ikiwa fupi mno, na QRS ikaanza kwa mteremko wa taratibu badala ya kupanda wima, kuna njia ya pembeni kati ya vyumba vya juu na vya chini. Waliouelezea mchoro huo mwaka 1930 ni Wolff, Parkinson na White.

QRS isifike miraba midogo 3. Ikifika au kuzidi, tazama V1 na V6. V1 yenye masikio mawili ya sungura na V6 yenye S (mshuko baada ya R) pana ni tawi la kulia la njia ya umeme lililoziba, jambo ambalo hata mtu mwenye afya anaweza kuwa nalo. V1 iliyozama chini na V6 yenye R pana isiyo na Q (mshuko kabla ya R) ni tawi la kushoto, na hilo nadra huja bila ugonjwa: presha ya muda mrefu, misuli ya moyo iliyochoka, au mshtuko. Kwa mama aliyejifungua miezi michache iliyopita anayekosa pumzi usiku, tawi la kushoto lililoziba linatosha kumpeleka kwenye ultrasaundi ya moyo siku hiyohiyo.

Kwa ukubwa wa misuli, wengi hujumlisha S ya V1 na R ya V5 au V6, ile iliyo ndefu zaidi; ikifika 35 mm husemwa chumba cha chini cha kushoto kimenenepa. Tahadhari: vijana wembamba, na watu weusi kwa jumla, hupita 35 bila ugonjwa. S ya 18 na R ya 20 kwa mchezaji mpira wa miaka 20 hainitishi. Kwa mama wa miaka 58 mwenye presha ya 190/110, tena ST (kipande kati ya QRS na T) imeshuka na T imepinduka katika V5 na V6, naamini. Kinyume chake, QRS zikiwa fupi kote, chini ya 5 mm kwenye mikono na miguu na chini ya 10 mm kifuani, kwa mgonjwa wa kifua kikuu au anayeishi na VVU, fikiria maji kuzunguka moyo. QRS zikibadilishana ndefu na fupi, pigo kwa pigo, maji ni mengi.

Hatua ya 6: ST, mahali pa kwenda polepole

Rejea kwa yule kijana wa sokoni. ST yake ilikuwa imepanda milimita 2 na nusu katika V2 hadi V4, na mashine haikuangalia zaidi ya hapo. Sisi tuliangalia mambo manne. Umbo lake lilikuwa limebonyea kama bakuli. Katika V4, mahali QRS inapoishia palikuwa na kindoano kidogo. Hakukuwa na lidi yoyote upande wa pili wa moyo ambayo ST yake imeshuka. Na tulipopiga tena baada ya dakika 20, kisha saa moja, hakuna kilichobadilika. Mchoro huu ni wa kawaida mno kwa wanaume vijana weusi, na kila anayefanya kazi Afrika Mashariki anapaswa kuujua kabla ya kujua mshtuko wa moyo wenyewe, kwa kuwa ndio atakaoukuta kila wiki. Kwa wanariadha weusi inawezekana hata ST iliyopinda juu ikifuatiwa na T iliyogeuka chini katika V1 hadi V4, na bado ikawa kawaida iwapo hana dalili wala historia ya vifo vya ghafla katika familia.

Mshtuko wa kweli una tabia nyingine. ST hupanda katika lidi mbili au zaidi zinazopakana, zinazotazama sehemu moja ya moyo: II, III na aVF ni ukuta wa chini, V1 hadi V4 ni wa mbele, I, aVL, V5 na V6 ni wa pembeni. Kiwango ni 1 mm kwa lidi nyingi. Katika V2 na V3 ni 2 mm kwa mwanamume wa miaka 40 na zaidi, 2.5 mm kwa aliye chini ya 40, na 1.5 mm kwa mwanamke. Umbo mara nyingi hunyooka au huvimba juu, na mbele yake kwenye lidi za upande wa pili ST hushuka. Ukuta wa chini ukianza kuumia, aVL ndiyo hushuka mapema. Nimezoea kuitazama aVL hata pale ninapoona III imepanda nusu milimita tu.

ECG ya mtu mwenye maumivu ya kifua ipigwe na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu alipofika. Ya kwanza ikiwa safi na maumivu yanaendelea, rudia kila baada ya dakika 15 hadi 30 katika saa ya kwanza. Ukiona mshtuko wa ukuta wa chini, hamisha V4 upeleke mahali palepale upande wa kulia: ST ikipanda hapo, chumba cha chini cha kulia kimehusika, na nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, inaweza kumwangusha presha vibaya. Ukiona ST imeshuka V1 hadi V3 na R zimerefuka, huenda ukuta wa nyuma ndio unaoumia. Peleka elektrodi mgongoni, chini ya bega la kushoto, usawa wa V6.

Ukishathibitisha, mpe aspirini ya kutafuna 300 mg kama hana mzio nayo, angalia saa maumivu yalipoanza, na upige simu. Kwa aliye karibu na Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ina mtambo wa kufungua mishipa ya moyo. Aliye mbali atategemea dawa ya kuyeyusha, na hiyo hufaa ikitolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, mapema ndiyo bora.

ST iliyopanda karibu lidi zote, umbo la bakuli, na PR imeshuka chini ya mstari wa msingi, ni uvimbe wa mfuko wa moyo. Kwetu kifua kikuu kiwe miongoni mwa sababu za kwanza unazotafuta.

Hatua ya 7: Wimbi T na potasiamu

Mama wa makamo, mgonjwa wa figo, alikosa kusafishwa damu mara mbili kwa sababu ya nauli. Alifika akisema miguu haina nguvu. Mashine iliandika kwamba mchoro hauna tatizo. Katika V2 hadi V4 T zake zilikuwa nyembamba chini na zimechongoka juu kama ncha ya hema; ukizikalia, ungechomwa, ndivyo mwalimu wangu alivyokuwa akitufundisha. P zilikuwa zimelala, karibu hazionekani. QRS ilianza kupanuka.

Hiyo ni potasiamu nyingi, na majibu ya maabara yalikuwa ya kusubiri saa moja. Hatukusubiri. Tulimpa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 kwa mshipa taratibu huku ECG ikiendelea, na ndani ya dakika chache QRS ikaanza kurudi kuwa nyembamba mbele ya macho yetu. Kalsiamu huulinda moyo kwa dakika 30 hadi 60 tu na haiondoi potasiamu, kwa hiyo insulini pamoja na glukosi zilifuata mara moja, kisha akapelekwa kusafishwa damu. QRS ikipanuka mpaka ikaungana na T kama wimbi moja la bahari, mgonjwa yuko karibu na kusimama kwa moyo. Jambo la kukumbuka ni kwamba hatua hizi hazifuatani kila mara. Wapo wenye potasiamu ya juu sana na mchoro unaoonekana mzuri.

Potasiamu ikipungua, kwa mfano kwa mtu aliyeharisha sana au anayetumia dawa za kukojoza, T hulala na baada yake huonekana kiwimbi kingine, U.

T iliyogeuka chini katika V1 peke yake ni kawaida. Kwa wanawake vijana inaweza kufika V2 au V3.

Hatua ya 8: QT, hasa kwa wanaotumia dawa za kifua kikuu sugu

QT hupimwa kutoka mwanzo wa QRS hadi mwisho wa T, katika lidi II au V5. Kwa mapigo ya kati ya 60 na 100, T inapaswa kuisha kabla ya nusu ya umbali kati ya R na R. Isipofanya hivyo, piga hesabu ya kuirekebisha kulingana na kasi ya mapigo.

Chukua mfano: QT ni miraba midogo 10, yaani milisekunde 400. R hadi R ni miraba midogo 16, yaani sekunde 0.64, mapigo kama 94. Kwa kanuni ya Bazett unagawanya QT kwa kipeuo cha pili cha 0.64, ambacho ni 0.8, unapata 500. Kwa kanuni ya Fridericia unagawanya kwa kipeuo cha tatu, 0.86, unapata takriban 464. Karatasi ni moja, mgonjwa ni yuleyule, na jibu moja linasema simamisha dawa, jingine linasema endelea kwa uangalifu. Bazett hukuza QT mapigo yanapokwenda kasi, na wagonjwa wa kifua kikuu mapigo yao mara nyingi huwa ya kasi. Ndiyo maana kwa dawa za kifua kikuu sugu, bedakwilini, moksifloksasini na klofazimini, hutumika Fridericia. Mashine nyingi huandika Bazett bila kukuambia. Tafuta kwanza imetumia ipi.

Juu ya 450 kwa mwanamume na 460 kwa mwanamke, QT imerefuka. Ikizidi 500, ongea na daktari anayesimamia matibabu siku hiyohiyo, pima potasiamu na magneziamu, na pitia kila dawa anayotumia: kwinini, erithromaisini, azithromaisini, flukonazoli, haloperidoli na methadoni zote hurefusha QT. Mgonjwa anaweza kuwa anapewa mbili kati ya hizo na kliniki mbili zisizojuana.

Hatua ya 9: Linganisha, kisha andika

Omba ECG ya zamani. Tawi la kushoto lililoziba tangu mwaka juzi na lililoziba leo asubuhi ni wagonjwa wawili tofauti. Kama haipo, ya leo ndiyo itakayokuwa ya zamani, ndiyo sababu ya kuitunza.

Kwa anayejifunza, ninashauri kukunja sehemu ya juu ya karatasi ili usione tafsiri ya mashine, usome mwenyewe, uandike, kisha ukunjue. Fanya hivyo kwa kila ECG ya wodini hata isiyo ya mgonjwa wako, na nyingi ziwe za kawaida. Weka daftari bila majina ya wagonjwa: umeona nini, ulidhani nini, ultrasaundi au maabara ilisema nini baadaye. Baada ya karatasi mia moja hivi utaanza kuona kasoro kabla hujaanza kuhesabu, na hapo endelea kuhesabu hivyohivyo.

Ripoti iwe fupi ya kumfaa atakayepokea zamu. Ya yule mama wa figo niliiandika hivi: "Saa 3:40 usiku. Hana maumivu ya kifua, miguu dhaifu, hajasafishwa damu mara mbili. 25 mm kwa sekunde, 10 mm kwa milivolti. Mapigo 58, yana mpangilio, P hafifu. Mhimili wa kawaida. PR 0.22, QRS 0.13. ST haijapanda. T zimechongoka V2 hadi V4. Hakuna ECG ya zamani. Nadhani ni potasiamu nyingi. Kalsiamu imeanza saa 3:45, ECG irudiwe saa 3:55."